Ngazi na Mswada: Juu ya Hatua za Uandishi wa Insha

Mafunzo ya insha katika shule zetu aghalabu hutolewa kwa mfano wa ngazi: mwanafunzi huchagua mada, hukusanya hoja, huzipanga katika vidokezo, huandika mswada, huusahihisha, kisha hunakili safi. Mpango huu wamfaa anayeanza, nasi hatuukatai. Tunaloshuku ni dai lililojificha ndani yake, kwamba mwandishi akishapita kidato kimoja hana haja ya kukirudia.

Mwaka 1971 Janet Emig wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wanafunzi wanane wa darasa la kumi na mbili, aliowataka waseme kwa sauti yale waliyoyawaza huku wakiandika. Hakuiona ngazi hiyo. Aliona watu wanaokwenda na kurudi. Na kazi walizoagizwa na mwalimu waliziandika upya kwa nadra kuliko zile walizojiandikia wenyewe. Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes walishikilia kwamba kupanga, kuandika na kupitia ni shughuli zinazoweza kuitana wakati wowote.

Sasa tuutazame mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989. Karatasi ya insha ya Kiswahili humpa mtahiniwa dakika 105 za kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Hapo mswada wa kwanza ndio nakala ya mwisho. Mwalimu anayewakaririsha wanafunzi methali za kufungulia insha hafanyi upuuzi; anautii mtihani.

Madhara yake twayakuta chuoni. Katika kazi za wanafunzi wetu hoja kuu hujitokeza mara nyingi katika aya ya mwisho, maana ndipo mwandishi alipoitambua. Mmoja aliandika juu ya msimulizi wa riwaya fulani. Alianza na maisha ya mtunzi, akapita kwenye muhtasari wa visa, na katika sentensi tatu za mwisho akasema, kwa ufasaha, kwamba msimulizi yule hakustahili kuaminiwa. Nilimrudishia kazi nikamwomba aiandike upya kuanzia hapo. Juma lililofuata aliileta: alama za kuakifisha zimerekebishwa, *r* na *l* zimekaa mahali pake, na zile sentensi tatu zingali mwishoni.

Hakuwa mvivu. Neno tulilomfundishia, *kusahihisha*, ndilo lililomponza. Kwake neno hilo ni kuondoa makosa, tena ni kazi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Hoja iliyokaa mahali pasipofaa si kosa la sarufi, kwa hiyo hakuiona. Yafaa basi istilahi zetu zitenganishe *kusahihisha* na *kuandika upya*, na hili la pili lipewe alama zake: mwanafunzi awasilishe miswada yote miwili, na mtahini apime kilichobadilika katika fikira baina ya mmoja na mwingine.

Wenzetu watapinga kwamba madarasa ni makubwa na mwalimu ni mmoja. Pingamizi hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kuhimizana bidii. Litajibiwa kwa kupunguza idadi ya insha: mbili kwa muhula, kila moja ikisomwa mara mbili, badala ya nne zinazosomwa mara moja tu.