Kadi Tatu, Laini Moja: Jinsi Fedha za Mwanafunzi wa Ng'ambo Zinavyokwama na Zinavyonusurika

Kaya ya Gehandu, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, inapomsomesha kijana nje ya nchi, hubeba kazi mbili ambazo mara nyingi huhesabiwa kuwa moja: kuipata fedha na kuifikisha. Kazi ya kwanza hutegemea mavuno ya mahindi, maharage na vitunguu saumu, bei ya ng'ombe siku ya mnada, mshahara wa mzazi mtumishi au ufadhili wa serikali na taasisi. Ya pili hutegemea mlolongo wa mitambo, kampuni, sheria na vitambulisho unaoanzia kwa wakala wa kijijini na kuishia kwenye mashine ya kutolea fedha katika mji ambao mzazi hajawahi kuuona. Uchambuzi huu unahusu kazi ya pili peke yake, kwa sababu ndiyo inayoharibika ghafla, na huharibika hata pale ambapo fedha ipo, imehesabiwa na imewekwa benki.

Hoja ya msingi ni kwamba idadi ya kadi alizonazo mwanafunzi si idadi ya njia alizonazo. Njia, kwa maana inayotumika hapa, ni mfululizo mzima wa viungo ambavyo fedha hupitia hadi imfikie mtumiaji, na njia mbili ni mbili kweli endapo tu hakuna kiungo kimoja kinachoweza kukatika kikazifunga zote. Mwanafunzi mwenye kadi za benki mbili, zote za mtandao wa Visa, na zote zikithibitisha malipo kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini moja ya simu, ana njia moja. Wafugaji wa Kiiraqw na Kidatoga wanaijua kanuni hii kwa upande wa mifugo: ng'ombe hugawanywa kwa jamaa na marafiki wa maeneo mbalimbali ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usimalize zizi lote, na anayewakabidhi marafiki wawili wanaochungia bonde moja hajagawanya chochote.

Fedha inayotoka Gehandu kwa kawaida huanza ikiwa taslimu. Huwekwa kwa wakala wa simu au wa benki, au hupelekwa katika tawi mjini Mbulu, Katesh au Babati, kisha, ikiwa ni ada ya chuo, hutumwa kwa njia ya SWIFT, yaani mtandao wa kubadilishana maelekezo ya malipo kati ya benki, ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao yake nchini Ubelgiji. SWIFT haibebi fedha bali maelekezo, na pale ambapo benki ya Tanzania haina uhusiano wa moja kwa moja na benki ya chuo, huhitajika benki ya tatu katikati, ambayo nayo hukata ada yake njiani. Hapo kuna jambo dogo linalowagharimu wengi: fomu ya benki huuliza ni nani atakayebeba makato, mtumaji, mpokeaji au wote wawili, na mzazi anayeweka alama bila kuuliza huweza kukuta chuo kimepokea pungufu kidogo ya ada na kumhesabu mtoto kuwa mdaiwa. Kabla ya kutuma, shilingi lazima igeuzwe kuwa fedha ya kigeni, na kiungo hiki nacho kimewahi kulegea, kwani Novemba 2018 maduka mengi ya kubadilishia fedha ya Arusha yalifungwa kufuatia ukaguzi wa Benki Kuu ya Tanzania, na mwaka 2023 hadi sehemu kubwa ya 2024 dola iliadimika nchini kiasi kwamba mwenye shilingi kamili aliweza kulazimika kusubiri.

Tukio lililoonyesha kwa uwazi zaidi tofauti kati ya kadi na njia lilitokea Urusi, nchi ambayo imekuwa ikipokea wanafunzi wa Afrika Mashariki tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa Moscow mwaka 1960. Vita vya Ukraine vilianza tarehe 24 Februari 2022, na tarehe 5 Machi kampuni za Visa na Mastercard zilitangaza kusitisha shughuli zake nchini humo, hatua iliyoanza kutekelezwa ndani ya siku chache. Tarehe 12 Machi benki saba za Urusi ziliondolewa katika SWIFT kwa uamuzi wa Umoja wa Ulaya, na mwezi huohuo Western Union nayo ikafunga huduma zake. Kwa mwanafunzi aliyekuwa akitumia kadi iliyotolewa na benki ya nyumbani, maana yake ilikuwa kwamba kadi yake ya Visa, kadi yake ya akiba ya Mastercard na njia ya jamaa aliyekuwa tayari kumtumia fedha kwa wakala vyote vilizimwa katika mwezi mmoja, ingawa salio lake Tanzania halikupungua hata senti.

Kilichonusurika ndicho chenye mafunzo. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za Urusi zenyewe ziliendelea kufanya kazi ndani ya nchi, kwa sababu mwaka 2014, baada ya vikwazo vya awali, Urusi ilianzisha kituo chake cha kuchakata malipo ya kadi, na kuanzia mwaka uliofuata malipo ya ndani yalipitia humo bila kutoka nje ya mipaka. Kadi ya taifa iitwayo Mir ilianza kutolewa mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo wanafunzi wawili waliokaa bweni moja, wenye kadi zenye nembo ileile, waliweza kuwa katika hali mbili tofauti kabisa: aliyekuwa na akaunti ya Urusi yenye matumizi ya miezi michache ndani yake alinunua mkate kama kawaida, na aliyeacha fedha zote nyumbani ili azitoe kidogo kidogo alibaki na kipande cha plastiki. Nembo ya kadi haikuwa na uzito. Kilichoamua ni mahali ambapo muamala ulichakatwa. Hili halionekani kwa macho, na pengine ndiyo sababu hata watu makini hulikosa.

Haifai hata hivyo kuhitimisha kwamba kadi ni dhaifu na fedha taslimu ni imara. Nchini India, ambako Watanzania wengi husoma, usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 serikali ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si halali tena, noti ambazo zilikuwa takriban asilimia 86 ya thamani ya fedha zote taslimu zilizokuwa mikononi mwa watu, na mashine za kutolea fedha zikawekewa kikomo cha rupia 2,000 kwa siku. Aliyekuwa na akiba chini ya godoro ndiye aliyepanga foleni. Miezi tisa kabla, tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu wa Uganda, huduma za fedha kwa simu zilifungwa kwa amri ya serikali pamoja na mitandao ya kijamii, na mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa Kampala akiishi kwa salio la simu alikosa chombo ambacho nyumbani alikizoea kuliko benki. Katika kila nchi chombo tofauti ndicho kilichoanguka, na hakuna aliyeweza kukitabiri akiwa Gehandu.

Viungo vya upande wa ng'ambo hupewa uzito mkubwa katika mazungumzo ya kifamilia, lakini kiungo kinachokatika mara nyingi zaidi, bila vita wala uchaguzi, ni laini ya simu ya Tanzania. Benki na kampuni za simu humtambua mteja kwa kumtumia namba ya uthibitisho, yaani tarakimu chache zinazotumika mara moja tu, kwenye namba aliyosajiliwa nayo. Bila namba hiyo, programu ya benki haifunguki katika simu mpya, malipo ya mtandaoni hukataliwa na neno la siri lililosahaulika halibadilishwi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa tarehe 20 Januari 2020, laini imefungamanishwa na kitambulisho cha taifa na kidole cha mwenyewe. Ni ulinzi mzuri dhidi ya matapeli, lakini una tokeo ambalo mwanafunzi hulitambua akiwa amechelewa: laini ikipotea Delhi au Berlin, kuirudisha hudai kidole ambacho hakipo Tanzania.

Wengi hulikwepa tatizo hili kwa kumwachia ndugu laini, naye huwasomea tarakimu hizo kwa simu ya intaneti kila zinapohitajika. Utaratibu huu hufanya kazi, na si vigumu kuona kwa nini umeenea, lakini humgeuza ndugu huyo kuwa kiungo cha njia zote, kwa kuwa akisafiri, akikosa umeme wa kuchaji au akigombana na mwanafunzi, kadi zote hunyamaza pamoja. Tena masharti ya benki humkataza mteja kumpa mtu mwingine namba za uthibitisho, kwa hiyo wizi ukitokea mteja huweza kukosa pa kulalamikia. Njia iliyo salama zaidi ni mwanafunzi kusafiri na laini yake ikiwa imefunguliwa huduma ya matumizi ya nje ya nchi, kuitumia mara kwa mara ili isifungwe kwa kutotumika, na kuhakikisha kwamba angalau akaunti moja kati ya alizonazo haiitegemei hata kidogo.

Upande wa mtumaji nao hukatika. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoipiga Katesh tarehe 3 Desemba 2023 yaliua makumi ya watu na kuharibu barabara na majengo, na kwa kaya ambayo tawi lake la benki liko katika mji huo, kutuma fedha hakukuwa jambo la siku hizo. Kizito zaidi ni kifo cha mzazi au mlezi, kwani akaunti ya marehemu huzuiwa hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na shauri hilo, hata lisipokuwa na mgogoro, huchukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mwenye nyumba wa ng'ambo. Kaya zilizofungua akaunti ya pamoja yenye maelekezo ya maandishi, au zilizoweka ada ya muhula unaofuata katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, hazikusubiri hukumu ili mtoto aendelee na masomo.

Ujerumani imeligeuza suala hili kuwa sharti la viza. Mwombaji asiye na ufadhili kwa kawaida huweka mapema fedha za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ambayo mwenyewe hawezi kutoa fedha zake zote kwa pamoja bali hupewa fungu la kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Kwa mfugaji wa Hanang ni mzigo wa kuuza mifugo mingi kwa mkupuo, tena pengine kwa bei mbaya, lakini kiufundi huondoa utegemezi wa laini ya Tanzania, wa mzazi na wa dola kwa mwaka mzima. Udhaifu wake uko mwanzoni, kwa sababu fungu la kwanza halitoki mpaka mwanafunzi afike, akamilishe taratibu na kwa kawaida afungue akaunti ya matumizi huko, hivyo wiki za kwanza lazima zigharimiwe kwa fedha nyingine.

Kutokana na hayo, mpangilio unaostahili kuitwa akiba una sehemu chache: akaunti katika nchi ya masomo yenye matumizi ya miezi miwili au mitatu, kadi ya nyumbani ya mtandao mwingine iliyofunguliwa matumizi ya nje, taslimu ya kutosha wiki mbili, na watumaji wawili wasiotegemea akaunti moja. Kila njia ijaribiwe kwa kiasi kidogo kabla ya kuhitajika, na kila kinachodai kidole au sahihi ya mwanafunzi kikamilishwe kabla hajapanda ndege. Lililo nje ya uwezo wa kaya ni la wenye mamlaka: benki zikubali kutuma uthibitisho kwa njia isiyofungwa na laini ya Tanzania, na kila ubalozi uwezeshwe kuhakiki alama za vidole, ili kijana aliyepoteza simu ng'ambo asilazimike kukata tiketi ya ndege kwa ajili ya laini.