Mwenda Jean Bosco: vidole na maneno

Mwulize mgeni apendaye muziki atutajie mwimbaji mmoja wa Katanga. Atasema: Jean Bosco. Mwulize tena, basi aliimba nini? Atanyamaza, kisha ataanza kusifu vidole vyake. Jambo hili latusumbua tangu siku nyingi, na santuri aliyoipiga uzeeni yatupa nafasi ya kulisema.

Santuri hiyo aliipiga mwaka wa 1988 huko Cape Town, Afrika ya Kusini, na baada ya kifo chake kampuni ya Rounder ya Marekani iliitoa kwa jina la African Guitar Legend, ndiyo kusema shujaa wa gitari wa Afrika. Ndani yake mzee anazirudia nyimbo za ujana wake. Tumeisikiliza mara nyingi, tukaweka kando yake zile za 1952, na tumeona kwamba jina lile lasema nusu tu ya mtu.

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930. Alikuwa Myeke, wa watu wale wa Bunkeya ambao babu zao walitoka Unyamwezi katika karne ya 19 kwa biashara ya shaba na pembe. Mwaka wa 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana wa miaka 22, gitari mkononi. Wimbo wa Masanga ukatoka katika santuri za Gallotone, ukafika Rhodesia, ukafika Kenya. Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikwenda kukaa Nairobi, akapiga redioni, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza gitari kwa kumwiga. Mwaka wa 1969 alisimama mbele ya watu wa Newport, Marekani. Akafa kwa ajali ya gari mwaka wa 1990.

Neno moja juu ya majina, maana limewapoteza wengi. Santuri za kwanza zaandika Jean Bosco, jina la mtakatifu rafiki wa vijana. Mwaka wa 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristo, na santuri ya mwisho yaandika Mwenda wa Bayeke. Tumemwona mtu akitafuta la kwanza, akapita juu ya la pili bila kujua kwamba ni yeye yule.

Sasa vidole. Hatutaki kuvidharau, la! Anapiga kwa vidole viwili, gumba na shahada. Gumba latembea chini katika nyuzi nene, polepole kama mtu aendaye kazini. Shahada yacheza juu kama mtoto anayemkimbilia babaye, mara mbele, mara nyuma. Asikiaye mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mtu aliyekua akisikia likembe hashangai hivyo: hata huko vidole vichache hushika njia mbalimbali, na wimbo hutokea katikati yake. Tena Mwenda harudii. Kila anaporudi mwanzo amegeuza kitu kidogo, hata mtaalamu mmoja wa London, David Rycroft, alikaa akaandika noti zake moja moja, kurasa nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi njema. Lakini ni kazi ya vidole tena.

Na maneno? Mwenda aliimba kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni kile cha makambi ya Union Minière, ambako Mluba, Mbemba, Mlunda na mtu wa Rwanda walilazimika kusikilizana kabla jua halijachwa. Watu wa shule walikicheka. Na sisi tuandikao katika kurasa za namna hii hatuna haki ya kujitoa katika kundi hilo: tulipenda Kiswahili cha vitabu, tukakiita kile kingine cha ovyo. Hata hivyo ndicho kilichobeba mapenzi, maonyo kwa vijana, na majina ya rafiki na ya miji, nacho kilisikika vema mpaka Nairobi, ambako watu wana Kiswahili chao kingine.

Hapo ndipo santuri ya 1988 ilipotushinda. Zile za zamani ziliminywa. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi, na kijana anaimba kama mtu aliyeona treni imeanza kuondoka. Mzee hana haraka. Sauti imeshuka, imekuwa nzito, na anaacha neno likae kabla ya kulifuata na gitari. Nyimbo tulizozihesabu kuwa za vidole zimekuwa mazungumzo.

Haina kosa? Inalo. Imesafishwa mno. Mahali pengine twatamani chupa tupu ikigongwa pembeni, na kicheko cha mtu, kama nyimbo hizi zilivyopigwa uani. Na Masanga ya 1952 ina ukali ambao uzee haukuweza kuurudisha. Anayetaka kusikia nyimbo mbili tu za Mwenda, asikilize Masanga ya kijana na Masanga ya mzee, moja baada ya nyingine.

Linalotuuma zaidi ni hili. Sauti alizonasa Tracey zatunzwa Afrika ya Kusini, santuri ya mwisho ilitolewa Marekani, na vitabu juu yake vimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno yake, neno kwa neno na maana yake, nani atayaandika kwa Kiswahili wakati wazee waliocheza nyimbo hizo wangali wanaishi?

Juzi tulimpelekea mmoja wao santuri hii, baba mmoja aliyekulia Likasi. Tulikuwa tukimwonyesha jinsi gumba linavyotembea. Akatuinulia mkono.

— Wanangu, nyamazeni kwanza. Mwanamuke anayemwimba, tulimujua.

Tukanyamaza. Akatutajia nyumba, na njia ya kufika huko, na wimbo ulipokwisha akaomba tuurudishe. Siku hiyo hatukuwa na kalamu.