Hukumu Kabla ya Kosa

Wapo waumini wanaoona kwamba hadithi za kubuni za kisayansi, zile za mashine na sayari za mbali na miaka ambayo haijafika, ni mchezo wa vijana usiofaa kitu rohoni. Hatukubaliani nao. Baadhi ya waandishi wa hadithi hizo wameuliza wazi maswali ambayo sisi, tukiwa na Biblia mkononi, tunayazunguka. Tutatazama mfano mmoja tu: hadithi fupi ya Mmarekani Philip K. Dick iitwayo "The Minority Report", maana yake taarifa ya wachache, iliyotoka jaridani Januari 1956, na filamu yenye jina karibu hilohilo iliyoongozwa na Steven Spielberg mwaka 2002. Filamu imeonwa na wengi, lakini hadithi imesomwa na wachache. Hiyo ni hasara, kwa kuwa hizi mbili hazisemi jambo moja.

Mwanzo wake unafanana. Serikali imepata watu watatu wenye uwezo wa kuona mauaji kabla hayajatokea. Idara maalumu ya polisi inapokea maono yao, inamkamata yule ambaye angeua, na kumfungia kabla hajainua mkono. Katika hadithi, mkuu wa idara hiyo, John Anderton, anajivunia kwamba uhalifu mkubwa umepungua kwa asilimia 99.8. Anakiri pia, wala haoni haya sana, kwamba watu waliojaa kambini hawajavunja sheria yoyote. Kisha kadi inatoka kwenye mashine, na jina lililoandikwa ni lake mwenyewe. Atamuua mtu aitwaye Kaplan, mtu asiyemjua kabisa.

Tuwatazame kwanza hao watabiri, maana ni rahisi kuwasahau, kama idara yenyewe ilivyowasahau. Kwa Dick ni viumbe waliodumaa, wamefungwa vitini, wanabwabwaja maneno yasiyoeleweka mchana kutwa. Hakuna anayezungumza nao. Mashine ndizo zinazonasa sauti zao. Spielberg anawalaza ndani ya maji, katika chumba ambacho polisi wanakiita hekalu. Kijana Witwer, aliyetumwa kuikagua idara na ambaye zamani alisomea seminari, anawaambia polisi kwamba hekaluni nguvu huwa kwa makuhani. Neno hilo linapita upesi kwenye filamu, lakini msikilizaji wa kanisani atalisikia. Katika filamu anayeona ni Agatha, na wanaoamua alichokiona kina maana gani ni wanaume waliosimama nje ya maji.

Je, mtu anayejulikana kwamba atatenda dhambi ahesabiwe kuwa ameshaitenda? Biblia ina kisa kinachokaribia swali hili kuliko tulivyodhani. Katika 1 Samweli 23 Daudi yuko Keila, mji aliouokoa mwenyewe mikononi mwa Wafilisti. Anamwuliza Bwana kama Sauli atashuka, anajibiwa ndiyo. Anauliza kama watu wa Keila watamtoa kwa Sauli, anajibiwa ndiyo. Daudi anaondoka na watu wake, wapata mia sita. Sauli anasikia kwamba ameondoka, naye haendi tena. Yote mawili aliyoambiwa hayakutokea. Tazama pia jambo ambalo Daudi hakulifanya. Alikuwa na jeshi, na alikuwa na habari kutoka kwa Mungu mwenyewe kwamba wenyeji wale wangemsaliti. Hakumgusa hata mmoja. Hakuna mtu wa Keila aliyeadhibiwa kwa usaliti ambao hakuwahi kuutenda.

Idara ya Anderton ingefanya kinyume, na hapa ndipo Dick anapoonyesha akili yake. Mwishoni mwa hadithi tunaelezwa kwa nini taarifa tatu za watabiri hazikulingana. Ya kwanza ilimwona Anderton akiua. Ya pili ilimwona akiwa ameshaisoma ya kwanza, na kwa sababu hiyo haui. Ya tatu ilimwona akiwa ameshaisoma ya pili, na kuna sababu mpya ya kuua. Kila alipopata habari, njia yake iligeuka. Kwa maneno mengine, mtu akiambiwa yaliyo mbele yake si yuleyule tena. Anderton anamwonya Witwer, atakayekikalia kiti chake, kwamba jambo hili linaweza kumpata yeye tu, kwa sababu mkuu peke yake ndiye anayeziona kadi.

Maelfu waliofungwa kambini hawakuonyeshwa kadi zao. Hakuna aliyewaendea kabla ya siku ile na kuwaambia, ndugu, hasira hii inakupeleka kwenye damu. Yona alitumwa Ninawi, hakutumwa kwa maadui wa Ninawi. Bwana Yesu alipojua kwamba Petro atamkana, alimwambia Petro mwenyewe, na katika Luka 22 alimweleza kwamba ameshamwombea. Nabii huanza na mwenye hatari. Idara inawaambia wote isipokuwa yeye.

Katika sharika zetu hatuna watabiri wa kulaza majini, lakini tuna vikao. Kijana anapendekezwa kuwa mhazina wa kwaya, na kabla jina halijaandikwa mtu anakohoa na kusema, mnamkumbuka baba yake? Mwingine anaongeza kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Jina linapita pembeni. Kijana haambiwi kitu. Anashangaa tu kwamba kila mwaka zamu yake haifiki. Hatusemi kanisa lifumbe macho. Aliyewahi kudhuru watoto asikabidhiwe watoto, na aliyekula sadaka asipewe funguo za sanduku kwa sababu tu ametoa machozi. Hao wana tendo lililotendeka, na toba yao ina njia yake ya kuonekana. Tunamsema yule ambaye kosa lake liko katika utabiri wetu tu, naye ndiye wa mwisho kuusikia.

Tukirudi kwenye kazi hizi mbili, zinaachana kabisa mwishoni. Katika filamu Anderton anamkuta chumbani mtu anayedai kumteka mwanawe, picha za watoto zimetapakaa kitandani, na bastola iko mkononi mwake. Saa iliyotabiriwa inafika. Agatha amemwambia kwamba anaweza kuchagua. Naye, huku akitetemeka, anaanza kumsomea yule mtu haki zake kama mtuhumiwa yeyote. Hatujui tukio lingine la filamu za aina hii linaloonyesha vizuri hivi jinsi kushinda jaribu kunavyomuumiza anayeshinda. Mtu yule anakufa hata hivyo, kwa kuwa ameahidiwa fedha kwa ajili ya jamaa yake na anaivuta silaha mwenyewe. Lakini Anderton ameokoka na lile ambalo kila mtu alikuwa na hakika nalo.

Katika hadithi anaua. Kaplan ni jenerali mstaafu anayetaka kuiaibisha idara ili jeshi lirudi kwenye madaraka, si mtu mwema. Anderton anapiga hesabu: akimwacha hai, utabiri utaonekana wa uongo na idara itaanguka, akimuua, idara itasimama. Anampiga risasi hadharani, mbele ya mkutano. Kisha anahamia sayari ya mbali pamoja na mkewe, akiwa na amani. Kayafa, katika Yohana 11, alipiga hesabu ya namna hiyo: afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima liangamie. Dick hampi Anderton hata usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Watazamaji wengi huupenda mwisho wa filamu, na tunawaelewa. Kwa upande wa nafsi ya mtu, filamu imeona mbali kuliko hadithi. Lakini dhambi ya idara imeipunguza mno. Inampa mzee mmoja mwovu, Burgess, aliyemuua mama yake Agatha ili asimnyang'anye mtabiri wake bora. Mzee akijiua, uchafu wote unaondoka naye, hekalu linafungwa na watabiri wanapelekwa kwenye nyumba tulivu mbali na mji. Dick hakutuachia nafuu hiyo. Kwake hakuna mwovu wa kutupiwa lawama, yupo mtumishi mwaminifu tu aliyeipenda kazi yake kuliko uhai wa mtu. Watu wa namna hiyo wako katika kila taasisi, na majengo ya ibada hayana kinga. Ndiyo maana tungemshauri msomaji aanze na filamu, kisha aisome hadithi, ingawa hataifurahia.

Kuna sentensi moja mwishoni mwa filamu ambayo ingestahili filamu nyingine. Sauti ya msimulizi inatuambia kwamba wafungwa wote walisamehewa bila masharti na kuachiliwa, ila polisi waliendelea kuwafuatilia wengi wao kwa miaka mingi. Kisha tunaonyeshwa nyumba ya watabiri, vitabu na utulivu. Hatumwoni hata mfungwa mmoja akifika kwao. Tungependa kamera ingemfuata mmoja tu hadi mlangoni, tuone ni nani aliyeinuka kumfungulia, na majirani walisema nini.