Koti la Kufungia Mwaka

Mwishoni mwa Novemba ujumbe wa kamati ya sherehe huingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: ukumbi, saa, na mstari mmoja kuhusu mavazi. Akina dada huanza mipango siku hiyohiyo. Kitenge cha sare kinachaguliwa na fundi anapigiwa simu kabla jua halijatua. Wanaume wengi hungoja mpaka siku yenyewe. Mmoja atafika na suti ileile ya Jumatatu, kana kwamba amepitia tu akitoka kikaoni. Mwingine ataangukia upande wa pili: koti linalometameta, shati jekundu, tai ya dhahabu, na watu watamwuliza kama ndiye mshereheshaji. Kati ya hao wawili kuna vazi la tatu ambalo nimelipenda kwa miaka mingi, na ni nadra kulikuta limetundikwa dukani. Hilo hushonwa.

Ninachoshikilia ni kwamba sherehe ikae mahali pamoja tu. Koti likiwa na rangi, shati liwe jeupe, suruali nyeusi, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri. Koti likiwa la buluu ya kawaida, basi kitambaa cha mfukoni ndicho kiseme. Mwanamume aliyevaa vitu vinne vya kupendeza hakuna hata kimoja kinachoonekana. Lakini ukiweka kila kitu mahali pamoja, macho yote yatakwenda hapo, na hapo ndipo kazi ya fundi itakapokaguliwa. Mshono uliolegea kwenye koti la kila siku hupita. Kwenye koti la damu ya mzee, chini ya taa za ukumbi, haupiti.

Damu ya mzee ndiyo rangi ninayoipenda kuliko zote kwa usiku wa aina hiyo. Kwa mbali hudhaniwa nyeusi. Mtu akikusogelea kukupa mkono, wekundu wake unajitokeza. Kijani cha chupa nacho hufanya hivyo, na buluu ile iliyokolea karibu na weusi. Rangi hizi zinapendana na ngozi zetu. Kijivu cha ofisini hutufifisha usiku. Hizi hutung'arisha uso. Anayetamani kuvaa nyekundu na kijani kwa pamoja kwa kuwa ni Krismasi, namsihi rangi hizo aziachie mapambo ya ukutani.

Asidhani mtu kwamba koti la rangi ni utovu wa adabu mbele ya wakubwa. Nyumba ya ushonaji ya Henry Poole, ya mtaa wa Savile Row jijini London, inaeleza kwamba mwaka 1865 ilimshonea Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, koti fupi la jioni la buluu, la kuvaa kwenye chakula kisicho rasmi sana katika makazi yake ya Sandringham. Mpaka wakati huo waungwana walikaa mezani na makoti yenye mikia nyuma. Kutoka koti hilo fupi ndipo lilipotokea lile ambalo Wamarekani wanaliita kwa jina la Tuxedo Park, mji mdogo wa jimbo la New York ulikoonekana mtindo huo miaka ya 1880. Kwa hiyo mwanzo wake haukuwa ukali wala weusi. Lilishonwa ili mtu astarehe bila kuonekana mzembe, na hilo ndilo hasa tunalolitaka kwenye sherehe ya kufunga mwaka.

Sasa kitambaa. Desemba ya Dar es Salaam ni ya joto, kaskazi ivume isivume, na hata ukumbi ukiwa na viyoyozi utatoka nje kupiga picha. Watu husikia neno sufu wakafikiria baridi za Ulaya, kisha wanakwenda kununua poliesta nzito inayowalowanisha mgongo kabla hotuba ya mkurugenzi haijafika katikati. Sufu nyembamba, ile ya gramu 240 au 250 kwa mita, inapitisha hewa, inanyonya jasho, na mikunjo yake hujinyoosha yenyewe ukiitundika usiku kucha. Bitana isishonwe koti zima. Nusu ya mgongo inatosha. Mahameli ni ya watu wa Nairobi, Arusha, Mbeya, kule ambako jioni mtu hutafuta la kujifunika. Ukiivaa Dar utajuta kabla ya keki kukatwa. Ila kwa kuwa ni kwenye mahameli fundi anapopimwa kuliko kwenye kitambaa kingine chochote, nitakaa hapo kidogo.

Mahameli ina malaika, vinyweleo vilivyolala upande mmoja. Pitisha kiganja kuelekea chini na kitambaa kitateleza. Pitisha kuelekea juu, kitakwaruza kidogo na rangi itakolea. Fundi hodari hukata vipande vyote vikielekea upande mmoja, na aghalabu huvielekeza malaika juu ili rangi iwe nzito. Kipande kimoja tu kikigeuzwa, tuseme mkono wa kushoto, koti litakuwa la rangi mbili mara tu taa zitakapowashwa, na hakuna pasi itakayoponya hilo. Pasi yenyewe ni hatari. Ukiikandamiza juu ya mahameli, malaika hulala milele, na alama ya pasi inabaki pale kama nyayo kwenye saruji mbichi. Kwa hiyo koti hugeuzwa ndani nje, hulazwa juu ya kipande kingine cha mahameli, malaika kwa malaika, kisha mvuke hupulizwa kwa mbali na mshono hupapaswa kwa ncha za vidole mpaka ulale. Hata pini hachomi ovyo. Huzichoma mle ambamo mshono utapita, maana tundu la pini kwenye mahameli halisahauliki. Kazi ambayo kwenye tetroni ingekwisha saa sita mchana humfikisha jioni.

Lakini siyo lazima kitambaa kiwe cha aina hiyo ndipo ustadi uonekane. Tazama mkono wa koti lolote lile unavyoungwa begani. Tundu la kwapani lina mzunguko wake, na sehemu ya juu ya mkono, inayoingia humo, hukatwa kwa makusudi iwe kubwa zaidi, inchi moja hata moja na nusu. Asiyejua ataona ni kosa. Fundi hupitisha uzi wa sindano ya mkono kuzunguka ukingo ule, akauvuta taratibu mpaka kitambaa kikusanyike bila kufanya kunjo hata moja, kisha huchukua pasi na mvuke akaifinyaza ile ziada mpaka iwe na tumbo dogo la duara. Tumbo hilo ndiyo nafasi ya mfupa wa bega. Ndiyo inayokuwezesha kunyanyua glasi kwa ajili ya kutakiana heri bila koti zima kupanda shingoni. Akikosea, utaona vifinyo kama vya mkono wa gauni la mtoto. Akipatia, huoni chochote. Baada ya hapo hupiga bandi kwa uzi mweupe mrefu, anakuvisha, anarudi hatua mbili nyuma na kutazama jinsi mkono unavyoning'inia. Watu hatusimami sawa. Mmoja hubeba mikono mbele, mwingine ana bega moja lililoshuka. Atafumua ile bandi, ausogeze mkono kidogo mbele, apige upya. Nimeona fundi mmoja wa Kariakoo akifanya hivyo mara tatu kwa bega lilelile, foleni ya wateja ikiwa imefika barabarani, na wala hakuharakisha.

Kola nayo ina siri yake. Kola inayopendeza hailali bapa kama bahasha. Hujikunja kwa upinde laini kutoka shingoni na kuishia juu kidogo ya kifungo. Upinde huo hautokani na pasi. Kati ya kitambaa cha nje na bitana huwekwa kitambaa cha tatu, kigumu kiasi, kile kizuri kikiwa kimefumwa na nywele za farasi, nacho hushikizwa kwenye kola kwa mamia ya mishono midogo ya mkono. Wakati anashona, fundi huikunja kola juu ya kidole chake cha shahada, ili kila mshono ufungwe ukiwa tayari umepinda. Akimaliza, kola imejifunza kukunjika na haitasahau. Siku hizi mafundi wengi hutumia kile cha kubandika kwa pasi, chenye gundi, na siwalaumu. Bei ndiyo inayoamua. Ila gundi ikipata joto na kufuliwa mara kadhaa hutoa mapovu kifuani, na mapovu hayo hayatoki.

Kwa asiyetaka koti la rangi kuna njia ninayoiheshimu sana: koti jeusi au la buluu, bitana ya kitenge. Ukisimama umevaa kama mhasibu. Ukifungua kifungo kukaa, kitenge kinachungulia, na waliokaa meza yako ndio watakaokiona. Kitenge cha waksi kilicho bora rangi yake ni sawa pande zote mbili, na ukikitazama kwa karibu utaona vimishipa vyembamba vya rangi pale nta ilipopasuka kiwandani. Ni kizito kuliko bitana ya kawaida na hakitelezi, ndiyo maana fundi mwerevu hukitumia kifuani tu na kuziacha bitana za mikono zikiwa laini, mkono uingie bila kugombana na shati. Michoro mikubwa huipanga ili pande mbili za kifua zitazamane. Hilo hula kitambaa cha ziada, na ukimsikia anakuomba yadi moja zaidi, mpe.

Kaunda suti pia inafaa, ile iliyochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia na kuvaliwa na maofisa wetu kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Spika wa Bunge la Kenya aliizuia ndani ya ukumbi wa Bunge, na mjadala ukawa mkubwa. Kwenye sherehe ya ofisi hakuna wa kukuzuia, na ikiwa ya mikono mirefu, ya rangi iliyokolea, imekaa sawasawa begani, haihitaji tai wala kitambaa cha mfukoni.

Na Unguja au Mombasa, mtu mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti zuri juu yake na kofia ya viua kichwani, amewashinda wote kabla hajaketi. Ile kofia ya mkono ni viua vidogo vidogo, kila kimoja kimetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, safu juu ya safu, kazi ya majuma na mara nyingi miezi. Anayeijua huigusa ukingo kwa kidole kabla ya kuuliza bei. Ukiwa nayo, vifungo vya dhahabu vya nini tena?

Nenda kwa fundi mapema, mwanzoni mwa Novemba, bila kungoja ujumbe wa kamati, kabla ya sare za harusi na za kwaya kumfunika. Nenda umevaa shati na viatu utakavyovaa siku hiyo, kwa sababu nusu inchi ya shati inayotakiwa kuonekana mkononi hupimwa kwa shati lenyewe, na urefu wa suruali hupimwa kwa kisigino chenyewe. Siku ya kujaribu usisimame tu kama sanamu mbele ya kioo. Kaa kwenye benchi lake. Nyoosha mikono kama unayetaka kumkumbatia mtu. Funga kifungo, vuta pumzi, geuka. Mwombe matundu ya vifungo ayashone kwa mkono, kwa uzi mzito wa hariri kama anao, na umlipe kwa hilo pekee bila kupunguza bei, kwa kuwa kila tundu linaweza kumchukua zaidi ya nusu saa. Akikwambia hayajawa tayari na urudi keshokutwa, rudi keshokutwa.