Madongoporomoka ina sauti moja, Mahoo ina nyingi

Miaka michache iliyopita, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine kingali kinatahiniwa katika KCSE, nilialikwa katika shule moja ya upili karibu na mji wa Taveta kuzungumza na watahiniwa. Tulianza na hadithi iliyokipa kitabu jina lake, ile ya Said Ahmed Mohamed. Nikauliza swali nililoliona jepesi: nani kati yenu anaishi mahali kama Madongoporomoka?

Hakuna aliyeinua mkono. Nami niliwatambua baadhi yao. Niliwaona kila asubuhi Mahoo, kwenye ploti iliyo nyuma ya nyumba yangu, wakipanga foleni na mitungi kwenye bomba moja linalohudumia vyumba vyote. Nilidhani wanaona haya.

Baada ya kipindi, msichana mmoja alinifuata hadi getini. “Prof, kwetu si kama kwa kitabu,” akasema. “Kwa kitabu watu wote ni maskini tu. Kwetu kuna Mpare anauza mchele, kuna Mluo fundi wa viatu, kuna mama wa mitumba kutoka Wundanyi. Sasa nikiinua mkono nitakuwa nimesema wao ni nini?”

Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka thelathini na sikuwa na jibu la kumpa pale getini. Makala hii ni jaribio la kumjibu.

Kwa msomaji aliyeisahau hadithi, nitaikumbusha kwa ufupi. Madongoporomoka ni mtaa wa vibanda ulio karibu na jiji linalotanuka. Wenye nguvu wanautamani uwanja wake. Mzee Mago anawahimiza wenzake wasikubali kuondolewa. Siku moja Jitu linaingia katika Mkahawa Mshenzi na kufagia chakula chote, wateja wakitazama. Kisha yanakuja mabuldoza.

Hii ni hadithi nzuri, na sitaki nieleweke vibaya. Kumfanya mnyakuzi wa ardhi aingie mkahawani, akae kitini, na ale sahani za wengine mpaka jikoni kusibaki kitu, ni ubunifu wa hali ya juu. Hotuba mia moja kuhusu ardhi hazitufikishi pale anapotufikisha mwandishi kwa sahani hizo. Katika kaunti ya Taita Taveta, ambako zaidi ya nusu ya ardhi imo ndani ya mbuga za Tsavo na sehemu kubwa nyingine imekuwa mashamba ya mkonge tangu enzi za ukoloni, hatuhitaji kufafanuliwa Jitu ni nani.

Lakini hebu irudie hadithi hii ukiwa umefumba macho, mtu mwingine akikusomea. Wasikilize wakazi wakizungumza. Wote wana Kiswahili kimoja, kizuri, chenye methali na chenye ladha ya visiwani alikozaliwa mwandishi. Hakuna aliyetoka mahali. Hakuna mwenye lafudhi. Hakuna anayelazimika kumuuliza mwenzake, “Unamaanisha nini?” Umaskini ndio kabila lao la pekee.

Sasa twende Mahoo. Kuna mama ana hoteli yake ya mabati kando ya barabara. (Mwandishi ameandika “mkahawa”, na kamusi zinamuunga mkono, lakini huku hata pakiwa na benchi moja na birika moja, panaitwa hoteli.) Nami huketi pale asubuhi nyingi. Mama huyu hutambua mteja ametoka upande gani kwa kitenzi kimoja tu. Aliyevuka kutoka Holili husema, “Naomba chai.” Aliyeteremka kutoka bara la Kenya husema, “Leta chai,” wala hana nia mbaya. Hivyo ndivyo alivyolelewa kuagiza. Mama huwajibu wote “karibu”, na sijamwona akimkaripia yeyote.

Jumatano na Jumamosi, ambazo ni siku za soko la Taveta, lugha hufurika. Ndizi zinapakiwa kwenda Mombasa. Bei inatajwa mara mbili, kwa pesa za Kenya na kwa pesa za Tanzania, na muuzaji wa nyanya aliyeacha shule darasani sita hubadilisha hesabu kichwani kabla mimi sijatoa simu mfukoni. Huyu anamwambia yule “genge”, yule anaelewa “kibanda”. Huyu anataja daladala, yule anapanda matatu, na safari ni ileile. Watoto wa ploti waliokuja na wazazi wao kutoka Upareni walikuwa wakinisalimu “shikamoo”. Haukupita mwezi kabla watoto wa Kikamba na wa Kikuyu nao hawajaanza kunipa shikamoo.

Wenyeji wenyewe ni somo. Wanaisimu huweka Kitaveta karibu zaidi na Chasu, lugha ya Wapare walio ng’ambo ya mpaka, kuliko Kidawida kinachozungumzwa na Wataita wa milimani, ingawa Wataveta na Wataita wamo katika kaunti moja yenye jina lao wote. Mpaka ulichorwa na wakoloni. Sarufi haikuulizwa.

Mchanganyiko huu haukuanza jana. Kabla ya reli, misafara ya biashara kutoka Pwani ilipumzika Taveta ikielekea bara. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kuja huku. Baadaye Ewart Grogan alijikusanyia ardhi kubwa, akajenga kasri lake kilimani nje ya mji katika miaka ya 1930, na mkonge ukahitaji mikono kutoka kila upande. Hata jina la Voi, kwa simulizi inayorudiwa sana, linatokana na Kivoi, mfanyabiashara Mkamba wa karne ya 19. Mji mkubwa wa Wataita unaitwa kwa jina la mgeni aliyepiga kambi kando ya mto.

Hoja yangu ni hii: kuelewana kwa watu wa namna hii ni kazi, tena ni ujuzi. Mtaa haukai pamoja kwa sababu wakazi wote ni maskini. Unakaa pamoja kwa kuwa kila siku mtu anakubali kupinda ulimi wake kidogo ili jirani asipotee. Fasihi inapowapa wanyonge sauti moja, inawanyang’anya mali ambayo hata buldoza haliwezi kuibomoa.

Najua nitajibiwa. Mhariri mmoja wa vitabu, rafiki yangu wa siku nyingi, hunikumbusha kwamba katika nchi hii kutaja kabila la mhusika ni kucheza na moto. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, nani atathubutu kuandika kwamba mwizi ni wa kabila hili na shujaa ni wa kabila lile, kisha akipeleke kitabu shuleni? Madongoporomoka isiyo na makabila, asema, ni ya kila msomaji, awe Kisumu au Kilwa. Istiara husafiri kwa sababu haina mizigo.

Hoja hiyo ni nzito na naiheshimu. Lakini Assumpta Matei, katika Chozi la Heri, alionyesha njia ya katikati. Hakutaja kabila hata moja, ila aliacha neno “mfuata mvua” limchome Ridhaa, na kila Mkenya akasikia mwiba uleule uliomo katika maneno yetu ya huku: “wa kuja” na “wenyewe”. Maneno hayo hulala Mahoo miaka minne, na mwaka wa tano, uchaguzi ukikaribia, huamka. Riwaya isiyoyasikia haitamsaidia kijana siku yatakapoamka. Naye Ken Walibora katika Siku Njema, iliyotoka 1996, alimtembeza Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale, katika miji iliyomo kwenye ramani, na sijasikia kwamba kitabu hicho kilimgombanisha mtu.

Lakini lawama kubwa si ya waandishi. Ni yetu walimu, na hapa nakiri langu. Nimewasomesha wanafunzi wengi kujibu kwamba maudhui ni umaskini, unyakuzi na ukombozi, na kwamba Mzee Mago ni jasiri, mwenye busara na mtetezi wa haki. Alama nane, hoja nane. Miongozo inayouzwa mitaani imejaa orodha hizo, na mingine imeandikwa na watu niliowafundisha mimi mwenyewe. Katika orodha za namna hiyo mtaa ni ugonjwa na mkazi ni dalili yake. Mtoto anayeishi ploti anakariri kwamba nyumbani kwao ni “mandhari ya ufukara”, kisha tunashangaa haukuinuka mkono hata mmoja!

Tena mtoto huyo akifungua kinywa akasema “kwa kitabu” badala ya “kitabuni”, kalamu nyekundu inamngoja. Sisemi kosa lisisahihishwe. Mtihani ni mtihani, na Kiswahili sanifu ndicho kitakachompeleka chuoni. Nasema tu kwamba mwalimu amwambie pia kwamba hicho anachokizungumza kwenye bomba la maji kimebeba watu wa lugha sita bila ngumi kurushwa, na kwamba hilo nalo ni jambo la kuandikia insha.

Nilirudi katika shule ile muhula uliofuata, mwalimu wao akiwa ameniruhusu nijaribu kitu. Sikuuliza nani anaishi wapi. Niliwaambia wachukue tukio la Jitu kuingia mkahawani, waliigize kana kwamba linatokea katika hoteli wanayoijua, na kila mhusika azungumze kama jirani wanayemjua.

Darasa lilichangamka. Alitokea mama muuza chai, akatokea fundi wa viatu, akatokea mteja wa Holili. Walicheka, ila hawakuwacheka hao majirani. Kisha wakakwama kwenye ubishi mmoja: Jitu litaagizaje? Mvulana aliyeshika nafasi hiyo alisema, “Leta chakula chote.” Wengine wakapinga: “leta” ni neno la baba zao, na baba zao si majitu. Mwingine akapendekeza “naomba”, akazomewa.

Walibishana karibu dakika kumi. Mwisho, yule msichana wa getini akasema Jitu haliagizi. Linaketi tu, linatazama jikoni, na sahani zinaanza kuja, kwa maana kila mtu tayari anaogopa. Ni mkazi pekee anayehitaji kuongea ili ale.

Katika miaka yangu yote ya kuifundisha hadithi hiyo, sikuwahi kuliona hilo.