Mchezo na Msahafu katika Chuo cha Watoto Wadogo

Mpango wa vyuo vya watoto wadogo ulioanza Mombasa mwaka 1986, kwa haja ya Waislamu wa pwani na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha ukafika Unguja na Kampala, umekwisha kupita mikononi mwa watoto wetu wengi. Inafaa tuupime kama tunavyopima kitabu. Tusiusifu kwa sababu unaitwa madrasa, wala tusiukatae kwa sababu baadhi ya mafunzo yake yametoka Marekani.

Maana kweli yametoka huko. Katika mji wa Ypsilanti, Michigan, watoto 123 wa mafukara weusi walianza kufuatiliwa mwaka 1962, baadhi yao wakisomeshwa na wengine wasisomeshwe, hata wakafika umri wa miaka 40. Waliosomeshwa walionekana kupata chumo bora na kukamatwa na polisi mara chache zaidi. Utaratibu uliotokana na kazi ile ni huu: mtoto hupanga atakalolifanya, hulifanya, kisha hulisimulia. Asema asubuhi, "Leo najenga jahazi," akaenda kwenye vifuu na vipande vya mbao, akajenga. Baadaye akaulizwa tanga alilifunga kwa nini.

Wako masheikh wenzangu wasemao kwamba huo ni mchezo mtupu. Hao na warejee Ihyaa ya Imam Ghazali, ambaye ametaka mtoto apewe mchezo mzuri baada ya chuo, akionya kuwa kumzuia na kumchosha kwa masomo huufisha moyo wake na kuzima akili yake. Ibn Khaldun naye katika Mukadima ameeleza jinsi ukali unavyomfundisha mwanafunzi uwongo na hila. Mwenye kudai kwamba bakora kwa mtoto wa miaka minne ndiyo njia ya wema waliotangulia, atuletee hoja.

Lakini nina la kulaumu. Kusimulia ndiko roho ya mpango huu, nako ndiko kunakouawa kwanza. Mwalimu ana watoto thelathini, kengele inakaribia. Huwauliza wanne wenye ulimi mwepesi, na yule mnyamavu akenda nyumbani siku zote bila ya kusema neno. Afadhali wangeulizwa sita sita kwa zamu, kila mmoja akapata siku yake.

La pili ni zito zaidi. Sura fupi husomeshwa kwa pamoja, kwa sauti nzuri ya kupendeza wageni, na pengine anayesomesha hakuisoma tajwidi. Mtoto akazoea kuitamka haa kama hee, na dhaa kama zaa. Ulimi wa umri huo hushika upesi, na ulichokishika kibaya hukivua kwa taabu. Sisi tunaowapokea chuoni wakiwa na miaka saba twaijua kazi hiyo. Mpango ulioangalia mpaka kimo cha rafu za vichezeo haukosi nafasi ya kumleta mwenye kuisoma Kurani sawasawa, japo mara mbili kwa wiki. Na wanawake wa namna hiyo wako mitaani mwetu, wala hawaitwi.

Na wazee je? Baba hutaka kuona daftari. Akimwona mwanawe amerudi na mchanga kwenye vidole, hulalamika kwamba ada yake imepotea, akamhamishia penye herufi na hesabu tangu asubuhi. Alasiri chuo, baada ya magharibi mwalimu wa nyumbani. Mtoto huyo hajatimiza miaka mitano! Sala yenyewe tumeamrishwa tuwaamrishe wakiwa wa miaka saba.

Mwalimu wa asubuhi na mwalimu wa alasiri mara nyingi hawajuani hata kwa sura, ingawa mtoto ni mmoja. Wazazi wawakalishe pamoja kabla ya muhula kuanza, waulizane mtoto amehifadhi nini na amelala saa ngapi. Aliyekwisha kusoma sura zake asubuhi, alasiri apewe nusu saa ya herufi, kisha aachwe uwani.