Mbuzi Watano wa Shangazi

Kule Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, shangazi yangu ana mbuzi watano wa maziwa, na kuwapata hao watano kumemchukua miaka saba. Mwaka kabichi zilipopata bei angeweza kununua wote kwa siku moja. Hakununua. Alianza na jike mmoja wa kienyeji, mwenye mbavu pana na kiwele kilichoshika vizuri, akampeleka kwa beberu wa Norway.

Mbegu hiyo iliingia Mgeta mwaka 1988 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Binti wa jike yule alizaliwa nusu Norway. Binti wa binti, robo tatu. Kusema ni rahisi. Mimba ya mbuzi ni siku 150, na mtamba hapandishwi kabla hajakaribia mwaka, kwa hiyo ukikosea beberu leo, kosa utalijua baada ya mwaka na nusu na zaidi, siku binti yake atakapokamuliwa. Ndiyo maana shangazi, kabla ya kuchagua beberu, huenda kwanza kumtazama mama yake beberu: kiwele, chuchu, miguu ya nyuma. Beberu mwenyewe hukaa kwa jirani, maana harufu yake huingia kwenye maziwa, na hubadilishwa na wa kijiji kingine kabla mabinti zake hawajakomaa.

Ninachokistahi zaidi ni wale aliowauza. Kulikuwa na mtamba mweupe, mrembo kuliko wote, watoto wa nyumbani wakimpenda. Alipozaa, chuchu zikawa fupi, vidole havipati pa kushika. Shangazi alimkamua msimu mzima, akiandika vipimo daftarini asubuhi na jioni, ili asimwonee. Kisha akamuuza. Mimi ningembakiza, na leo zizi lingejaa chuchu fupi.

Banda lake limeinuliwa juu ya nguzo. Nafasi kati ya mbao za sakafu inapitisha kinyesi lakini haipitishi kwato ya mtoto. Alizipima kwa kidole, akang'oa mbao mbili na kuzipigilia upya. Samadi inayoanguka chini hupanda matutani, kwenye njegere. Majani huyafunga mafungu na kuyaning'iniza, kwa sababu mbuzi hagusi jani lililokanyagwa. Matembele yenye umande huyaacha yanyauke kwanza, tumbo lisije likajaa gesi.

Juzi nilimkuta amesimama mlangoni mwa banda, kimya, akimtazama mtamba wa robo tatu aliyepandishwa mwezi uliopita.

"Shikamoo, shangazi. Vipi huyu?"

"Marahaba. Leo siku ya ishirini na tatu," akasema. "Hajalia, hajatikisa mkia."

Joto la jike hurudi baada ya siku 21 kama mimba haikushika. Akafungua daftari, akahesabu miezi mitano tangu siku ya kupandishwa, akaandika tarehe kwa penseli, akachukua mundu kwenda kukata matembele.